Printa Iliyofuata Zamu

Kule Janga, ukiacha lami ya Mlandizi na kushika barabara ya vumbi, watu walizijua zamu za Hamidu kuliko Hamidu mwenyewe. Usiwaite wambeya, angalau usianze hivyo. Walikuwa na kazi zao za kuchapisha.

Hamidu alikuwa dalali wa viwanja na mume wa wake wawili. Mke mkubwa, Tunu, mama wa Seif, alikaa Janga. Mdogo, Hajra, alikaa Chole ya Kisarawe, ambako Hamidu alikwenda siku moja kuwatafutia wateja mashamba, akajitafutia na yeye. Alipanga siku za kulala huku na siku za kulala kule, kama dini inavyomtaka. Na ndani ya nyumba ya Tunu kulikuwa na printa ambayo, kwa jinsi ilivyounganishwa, ilifanya kazi siku za zamu yake tu. Hamidu akipanda pikipiki kwenda Chole, mashine inakufa mpaka arudi.

Kwa hiyo mwenye ratiba ya maulidi, mwenye kadi za mchango wa harusi, mwenye barua ya kuomba kazi kiwandani, wote walipofika kwenye uzio wa Tunu hawakuuliza kama umeme upo. Waliuliza, "Mama Seif, mzee yupo?"

Hebu jiweke wewe mahali pake. Umekuwa mtu mzima, una wajukuu, halafu kila anayepita njiani anakuuliza kwa sauti kama mumeo amelala kwako. Tunu alijifunza kujibu huku amewapa mgongo, anaanika nguo ambazo wakati mwingine zilikwisha kukauka.

Asidhani mtu kwamba Tunu alikuwa mshamba wa mashine. Alisomea uhazili usichana wake, akapiga chapa kwenye ofisi ya chama cha ushirika tangu enzi za taipureta mpaka kompyuta zilipoingia. Aliweza kuandika muhtasari wa mkutano huku anakuangalia usoni na kukujibu salamu. Chama kilipokufa, naye akarudishwa nyumbani, akashika jembe la muhogo, na vile vidole vikakaa bure kwa miaka. Hilo lilimuuma kuliko alivyomwambia mtu yeyote. Mume akioa mke wa pili una wa kulia naye, maana wenzako wamo wengi. Lakini kuikosa kazi uliyoiweza, utamlilia nani hapo Janga?

Ndiyo maana siku Hamidu aliposhusha kompyuta mpakato na boksi la printa ili achapishe mikataba yake ya mauziano nyumbani, Tunu alishukuru mpaka akaona haya mwenyewe. Alimpikia kuku.

Hamidu alifungua boksi mbele ya jirani na mashemeji, maana alikuwa mtu wa kupenda kuonekana. Ndani hamkuwa na waya wa kuunganishia kompyuta, wa umeme tu. Nyuma ya mashine, chini pembeni, palikuwa na stika iliyobandikwa, ina maandishi ya Kizungu. Hamidu akainama, akaisoma kwa sauti, akainuka.

"Mmeona? Wenyewe wameandika, usichomeke waya. Hizi ni za kisasa, zinakwenda kwa hewa."

Stika ilisema usichomeke waya mpaka kompyuta ikuambie. Hamidu aliishia nusu ya kwanza, kama alivyoishia nusu ya kwanza ya mambo mengi. Na kwa kuwa alikuwa amekwisha kutangaza mbele ya watu, ile stika ikawa kama muhuri wa serikali. Tunu alipofuta vumbi aliizunguka kwa kitambaa, asije akaibandua mashine ikaharibika.

Kwa hewa maana yake nini? Nyumba nyingi za huku hazina intaneti ya ukutani. Mtu anaweka bando kwenye simu, anawasha hotispoti, na vyombo vingine vinakula humo. Hamidu akawasha hotispoti ya simu yake kubwa, kompyuta ikajiunga, printa ikajiunga, taa ya buluu iliyokuwa inapepesa ikatulia tuli. Kuanzia hapo ikawa simu hiyo ikiingia tu uani, taa inatulia yenyewe bila kumwuliza mtu. Simu ikitoka, taa inaanza tena kupepesa kama jicho lenye mchanga.

Tunu alisema mara moja, kwa upole, "Baba Seif, kama na mimi ningekuwa na simu ya hivyo, kazi isingelala." Alikuwa na kitochi chake cha kupigia na kupokea.

"Simu ya hivyo ya nini?" Hamidu akasema. "Uongee na nani? Mimi nipo."

Nipo! Mtu ambaye nusu ya maisha yake yalikuwa Chole.

Hata hivyo kazi zilikuja. Mikataba ya Hamidu ilikuwa michache kuliko alivyojisifu, lakini watu wa Janga na wa Gwata walimjua Tunu kwa mkono wake safi, nao wakaanza kuleta zao. Wino na karatasi alinunua mwenyewe. Siku zisizo zamu yake aliandika tu na kuhifadhi, kisha anangoja. Mara mojamoja alipeleka flashi Mlandizi kuchapishiwa, na akirudi anakuta jasho lote limebaki kwa mwenye duka. Lakini alikuwa anafanya kazi yake tena. Asubuhi alivaa vizuri, akajifunga kilemba, akakaa mbele ya kompyuta kama mtu aliyeajiriwa. Hicho ndicho alichokuwa nacho, na alikishika kwa mikono miwili.

Kilichobadilika ni Hamidu. Zamu za Janga zilianza kupungua kimyakimya. Leo pikipiki ina pancha, kesho kuna mteja wa shamba huko huko Kisarawe, keshokutwa Hajra ana homa. Tunu hakuwa mgomvi. Angeyameza yote kama si mitihani.

Mwalimu Ambokile, mkuu wa shule ya msingi, mtu wa Mbeya aliyehamishiwa hapo karibuni, alimletea mitihani ya muhula ya madarasa yote. Ilikuwa kazi kubwa kuliko zote alizowahi kupata, na mwalimu alimwambia wazi kwamba ikitoka safi na kwa wakati, shule nyingine za kata zitafuata. Tunu akaandika mpaka mgongo ukakakamaa. Akachora ramani, akapanga majedwali ya hisabati, akamaliza mapema. Zamu yake ikafika. Hamidu hakutokea.

Mwalimu alikaa barazani akaangalia saa. Tunu akapiga simu ya mumewe, haipatikani. Akapiga moyo konde, akapiga ya Hajra.

"Shikamoo, dada," Hajra alisema, kwa adabu kabisa.

"Marahaba. Mwambie baba Seif kuna kazi ya shule, inamngoja yeye."

"Sawa, dada. Amepumzika lakini. Akiamka nitamwambia."

Angemtukana ingekuwa nafuu. Tunu alirudi barazani akamwambia mwalimu mzee amepata dharura. Mwalimu akaitikia kama mtu aliyeelewa kila kitu, akaondoka na baiskeli yake, na Tunu akabaki anaitazama ile taa inavyopepesa mpaka akatamani kuipiga na mchi.

Kesho yake akaja Stellamaris. Huyu alikuwa jirani wa nyumba ya tatu, Mchaga, karani wa ofisi moja Dar, anayetoka na alfajiri na kurudi jua likiwa limekwisha kuzama. Siku hiyo alikuwa likizo, akaleta ratiba ya jumuiya yao ya kanisani.

"Mzee yupo, mama Seif?"

Tunu akapasuka. Alisema yote, simu, Chole, mitihani, na machozi yakamtoka kwa hasira ya kutokwa na machozi mbele ya mtu mdogo kwake. Stellamaris hakujua pa kuangalia, akaizunguka printa kama anaikagua. Akainama.

"Na hii stika mbona hujaibandua?"

"Haibanduliwi. Wameandika."

Stellamaris akaisoma mpaka mwisho. Akaingiza ukucha, akaivuta. Chini yake palikuwa na tundu dogo la mraba, safi, halijawahi kuguswa na vumbi.

"Hapa ndipo pa waya, dada yangu. Sisi ofisini zote ni za waya. Upo mwingine nyumbani kwangu, ngoja."

Alirudi na waya wa kawaida kabisa, kichwa kimoja bapa, kingine cha mraba. Wakachomeka huku, wakachomeka kule. Kompyuta ikafikiri kidogo, kisha kwenye orodha yake zikatokea printa mbili zenye jina moja. Ya kwanza ilikuwa ile ya zamani, ya kupitia simu ya Hamidu, imeandikwa haipo hewani. Ya pili ilikuwa tayari.

"Chagua ya pili," Stellamaris akasema.

"Na mimi nichague ya pili," Tunu akasema, na wote wawili wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ulikuwa mcheko mchungu, lakini ndio pekee katika habari hii, basi acheni waucheke.

Mashine ikaguna, ikavuta karatasi ya kwanza. Tunu aliishika ikiwa bado ya moto. Hakuamini jinsi ilivyokuwa jambo dogo. Muda wote ule wa kuanika nguo kavu, wa kuulizwa mzee yupo, dawa ilikuwa waya wa urefu wa mkono. Furaha ilimjaa, na chini ya furaha hasira, kwamba aliamini bila kusoma, yeye aliyeishi kwa kusoma.

Printa ile haikuwa ya siri. Ilikuwa na mlio, na nyumba ya Tunu ipo njiani kwenda bombani. Wanawake waliopita na ndoo waliisikia ikichapa. Wakatazama uani. Pikipiki ya Hamidu haipo. Wakatazamana.

Na hapo ndipo Janga ilipokosea, kosa ambalo lingefanyika hapo tu. Kila mtu alijua kwamba mashine ya Tunu haiendi bila simu ya mwanamume wake. Hamidu mwenyewe aliwafundisha, tena mbele ya mashahidi. Sasa mashine inakwenda na Hamidu yuko Chole. Basi humo ndani kuna simu nyingine. Na simu haiji peke yake, inakuja mfukoni mwa mtu. Aliyeonekana barazani, siku mbili mfululizo, kijisimu chake mkononi, ni nani? Mwalimu Ambokile.

Maneno yalifika Kisarawe haraka kuliko pikipiki.

Hamidu alikuja siku ambayo si ya Janga. Ilikuwa mchana kweupe. Mwalimu alikuwa barazani anahesabu karatasi za darasa la tatu, simu yake imelala juu ya benchi. Ndani mashine ilikuwa inachapa. Hamidu hakutoa salamu. Aliitazama ile simu, akamtazama mwalimu, kisha akaita kwa sauti ya kusikika bombani.

"Tunu! Toka!"

Tunu akatoka na karatasi mkononi, uso umekunjuka. Masikini, alidhani atamwonyesha. "Karibu, baba Seif. Mbona ghafla?"

"Hiyo mashine inakwenda kwa simu ya nani?"

"Haiendi kwa simu. Nimeweka waya."

"Waya gani? Mashine ile haina waya, nimeisoma mwenyewe."

"Ingia ndani uone, mume wangu. Hatua mbili tu."

"Sina cha kuona! Watu wananicheka mpaka Chole. Mimi nitoke, wewe ujiunge na mtandao wa mtu mwingine?" Wanawake wawili wenye ndoo walikuwa wamesimama kwenye uzio. Hamidu aliwaona, na nadhani bila wao angeingia ndani. "Tunu, nimekuacha. Talaka moja. Mashahidi hawa hapa."

Maswali ya hisabati ya darasa la nne yaliendelea kutoka, moja baada ya jingine, mpaka yakaisha.

Tunu hakupiga kelele. Aliingia ndani, akauchomoa waya pande zote mbili, akarudi nao, akamtundikia mumewe begani.

"Mwanamume wangu huyo hapo. Mshike."

Hamidu akaushika. Akakitazama kile kichwa cha mraba, akatupa jicho kupitia mlangoni, akaiona printa imegeuzwa, tundu liko wazi, stika imekunjamana mezani. Tunu aliona wazi kabisa kwamba ameelewa. Midomo ilimcheza. Lakini kumeza maneno mbele ya watu ni kazi nzito, na Hamidu hakuwa mtu wa kazi nzito. Aliuweka waya kwenye benchi, akapanda pikipiki, akaondoka.

Mwalimu naye alikuwa anakusanya vitu vyake. "Mama, unisamehe. Mimi nina familia, na hapa ni mgeni. Hizi zilizobaki nitazipeleka Mlandizi."

"Zimekwisha zote, mwalimu. Zipo ndani, chukua."

"Hapana, mama. Sitaingia."

Wale wa bombani walisimulia talaka. Waya hawakuusimulia. Waya ni habari ya nani? Tunu akakaa eda kwenye nyumba ileile, ana mashine nzima, ana umeme, ana wino, ana waya, na hakuna aliyesogea kwenye uzio. Hata mwenye kadi za harusi alipita akiwa ameinamisha kichwa, akaenda kupanda gari la Mlandizi. Asubuhi Tunu aliendelea kuvaa vizuri na kujifunga kilemba, akakaa mbele ya kompyuta, akaandika barua za kubuni kwa watu wasiokuwepo, vidole visilale tena. Stellamaris pekee ndiye aliyeingia.

"Mimi ndiye niliyekuletea balaa," alisema.

"Wewe umeniletea waya," Tunu akamjibu. "Balaa nilikuwa nalo."

Eda haijaisha, Ijumaa moja baada ya swala, akaja Saburi, kaka yake mkubwa, na Hamidu nyuma yake, na wazee wawili wa msikitini. Wakakaa barazani. Saburi akamwita.

"Mdogo wangu, mambo yamekwisha. Shemeji amefikiri, amekurejea. Hawa ni mashahidi."

Wazee wakasema alhamdulillahi. Tunu alikuwa bado amesimama.

"Kaka, kuna aliyeniuliza?"

"Uulizwe nini, Tunu? Uko ndani ya eda. Ni haki yake."

"Sawa. Na aliyoyasema mbele ya watu, amekwenda kuwaambia hao watu kwamba si kweli?"

Mzee mmoja akakohoa. Hamidu akasema, bila kumtazama, "Wakiniona nimekaa hapa, wataelewa."

Tunu akaingia ndani. Printa ilikuwa mezani, waya umechomekwa, na ile taa ya buluu, ambayo kwa majuma yote yale ilikuwa inapepesa, ilikuwa imetulia tuli. Simu ya Hamidu ilikuwa imeingia uani, na mashine ikamtambua, ikajiunga. Haikuwa na kinyongo hata chembe. Tunu akaweka kidole kwenye kitufe cha mtandao, akakibonyeza na kukishikilia mpaka taa ikazimika kabisa. Hilo aliliweza. Kidogo akatamani na yeye angekuwa na kitufe.

Hamidu alikunywa soda, akakaa mbele ya baraza saa nzima, akiitikia salamu za wapita njia kwa sauti kubwa. Alasiri haijafika akainuka, akapiga kofi mapaja yake.

"Basi, mama Seif. Leo ni zamu ya Chole."

Na alivyosema ndivyo ilivyokuwa. Watu walimwona, wakaelewa. Hakuna aliyeomba radhi, hakuna aliyefika kuutazama waya. Kuonekana kwake tu kulitosha. Jumatatu akaja mwenye kadi za harusi, akaja mwenye barua ya kiwandani, na kila mmoja alimsabahi Tunu kama aliyekuwa safarini. Jioni akaja Mwalimu Ambokile na bahasha ya mitihani ya kata nzima. Alisimama nje ya uzio, baiskeli mkononi, mguu mmoja bado kwenye pedali.

"Mama Seif, shikamoo. Mzee yupo?"

Mwalimu alikwisha kujua kwamba mashine inakwenda kwa waya. Safari hii hakuwa anauliza habari ya mashine.

Tunu aliitazama bahasha. Ilikuwa nene, imefungwa kwa mpira, karatasi zimechungulia pembeni. Angesema kweli, mwalimu angepanda baiskeli yake na bahasha ingekwenda Mlandizi, na wengine wangefuata nyuma yake. Mumewe alikuwa Chole tangu Ijumaa. Waya ulikuwa umelala mezani, mzima, umechomekwa huku na kule, na haukumsaidia kitu.

"Marahaba, mwalimu," akasema. "Yupo. Amepumzika."

Mwalimu akaegesha baiskeli, akaingia.